Kutafuta pahali pa machela: safari ya mwituni isiyomwacha mtu nyumbani

Sisi Wapwani tumejaaliwa bahari upande mmoja na mwitu upande wa pili, lakini ukiuliza ni wangapi kati yetu waliowahi kulala usiku mmoja chini ya miti, mikono itakayoinuka ni michache. Shimba Hills tunaipita tukienda arusini Kwale. Arabuko-Sokoke tunaitazama dirishani mwa matatu ya Malindi. Wageni hutoka Ulaya kuja kumtafuta yule bundi mdogo wa Sokoke, nasi tuliozaliwa kilomita chache kutoka pale hatujui hata mlango wa kuingilia uko wapi.

Mwaka huu kikundi chetu cha mtaa kimekata shauri kubadilisha jambo hilo. Tuko watu 18. Wamo vijana, wamo wazee wawili wanaolalamikia magoti, wamo kina mama na watoto, na yumo mwenzetu mmoja anayetumia kiti cha magurudumu tangu alipopata ajali ya bodaboda. Tumeafikiana tulale kwenye machela badala ya mahema. Mimi na wenzangu wawili ndio tuliopewa kazi ya kutangulia kutafuta pahali. Leo nataka nieleze tunavyoifanya kazi hiyo, kwa sababu naona vikundi vingi vya vijana, madrasa na akina mama vimeanza kupanga safari kama hizi, na wengi hukazana na picha za kupendeza wakasahau mambo yanayomfanya mtu alale salama na aamke salama.

Kwanza tuelewane. Ukisema machela, mtu hufikiria ile ya kubebea wagonjwa hospitalini. Mimi nasema kile kitanda cha kitambaa kinachofungwa baina ya miti miwili, mtu akalala akining'inia. Faida yake ni kwamba hakihitaji ardhi tambarare, humtenga mtu na siafu na unyevu wa chini, na hukunjwa kikaingia mkobani. Hasara yake ni moja: bila miti inayofaa, ni kitambaa tu.

MITI KWANZA, MANDHARI BAADAYE

Sisi hufika na tepu ya kupimia, ile ya fundi seremala. Miti miwili yafaa iachane kwa kiasi cha mita 4 hadi 5. Ikikaribiana mno, machela hujikunja kama kifuko na mgongo huumia. Ikiachana mno, kamba hubidi zikazwe sana, na hapo ndipo hatari inapoanza.

Jambo hili wengi hawalijui, kwa hivyo nitalieleza polepole. Kamba ya machela haitakiwi kukazwa kama kamba ya kuanikia nguo. Yapasa iteremke kutoka mtini kwa pembe ya kama digrii 30. Kwa pembe hiyo, mtu wa kilo 80 huvuta kila mti kwa nguvu ya kilo 80. Ukiikaza hadi digrii 15, nguvu hiyo hupanda ikafika kama kilo 155 kila upande. Ukiikaza hadi digrii 10, ni kama kilo 230. Mtu ni yule yule, hakuongeza hata tonge la wali, lakini kamba na mti vinabeba karibu mara tatu. Ndiyo sababu utasikia kamba imekatika na mtu ameangukia kiuno, wakasema kamba ilikuwa mbovu, kumbe mara nyingi ilikazwa kupita kiasi.

Huna haja ya kipimo cha shule. Nyosha kidole cha shahada kilale sawasawa na ardhi, dole gumba likisimama juu. Kamba ikifuata mstari unaotoka ncha ya shahada hadi ncha ya gumba, umepatia. Ukanda ufungwe mtini baina ya kifua na kichwa cha mtu mzima, na machela ikishakaliwa iwe na kimo cha kiti cha kawaida, kama sentimita 45 kutoka ardhini. Juu ya hapo ni kujitafutia mguu uliovunjika.

Kisha mti wenyewe. Uwe hai, unene wake usipungue paja la mtu mzima, na ukiusukuma kwa mabega usitikisike. Halafu inua kichwa utazame juu. Tawi kavu lililokwama juu halitoi ahadi litaanguka lini. Tukiliona, tunahama, hata kama chini pana kivuli kama cha peponi.

Miti yetu ya Pwani kila mmoja una tabia zake. Mnazi, nauondoa moja kwa moja. Ni kweli minazi miwili ufukweni na machela katikati ndiyo picha inayouzwa duniani kote, lakini dafu moja na kumbi lake lina uzito wa zaidi ya kilo, na hudondoka kutoka kimo cha ghorofa kadhaa. Kama mwenye shamba hajaleta mkwezi akaangua zote pamoja na makuti makavu, usilale hapo. Mwembe una shina zuri, lakini tazama kama una chungu wa maji moto wanaoshona majani. Usiku mmoja nao utaukumbuka mwaka mzima. Mkanju matawi yake ni mepesi kukatika. Mbuyu ni mnene mno, mikanda haifiki kuuzunguka. Mkoko uachwe uhifadhi pwani. Chini yake ni tope, mbu na maji yanayopanda. Mvinje ndio rafiki wa machela: huota wima, na ukipandwa kwa mistari mara nyingi huachiana nafasi inayofaa.

Na mti ni amana. Kamba nyembamba huchuna gome, na gome ndilo njia ya chakula cha mti. Sisi tunatumia mikanda mipana ya kufungia mizigo ya lori, iliyokatwa na kushonwa na fundi, upana wake sentimita 5. Hatupigi misumari. Tukiondoka, mti usijue kama tulilala pale.

NJIA YA KUFIKA NDIYO NUSU YA KAZI

Tulipoanza, mmoja wetu alipendekeza chini kwenye Maporomoko ya Sheldrick, Shimba Hills. Pahali pazuri, sikatai, maji yanaanguka zaidi ya mita 20. Lakini kufika kule ni kuteremka kilima kwa miguu, na kurudi ni kukipanda. Mzee wa magoti atateremka kwa sifa na kupanda kwa machozi. Mwenye kiti cha magurudumu hatafika kabisa, labda abebwe.

Hapa ndipo penye ubishi. Kuna waliosema, "Tutambeba, sisi ni ndugu." Mwenyewe alipopigiwa simu alijibu, "Ami, msinibebe kama gunia. Nitafutieni pahali ninapoweza kwenda chooni usiku bila kumuamsha mtu." Wallahi maneno hayo yalitosha. Kutoka siku ile, hicho ndicho kipimo chetu cha kwanza. Na si hisani tunayomfanyia. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia maeneo yote kwa njia inayofaa. Kama serikali tunaidai haki hiyo, na sisi wenyewe tukipanga safari tuikumbuke.

Kwa hivyo tunapokagua pahali, tunatembea na kiti cha magurudumu. Kiti kitupu kitakudanganya, kitapita popote. Tunakipakia gunia la mchele la kilo 50, kisha tunakisukuma kutoka gari litakaposimama hadi kwenye miti, kutoka miti hadi choo, na kutoka choo hadi pahali pa kuswalia. Njia isipungue sentimita 90 kwa upana. Mwinuko usizidi mita moja kwa kila mita 12 za kwenda. Mizizi iliyojitokeza tunaihesabu. Mchanga mwepesi ndio adui mkubwa huku kwetu, kwa sababu magurudumu huzama. Dawa yake ni vipande vya mbao nyembamba vinavyotandikwa mbele na kuhamishwa, au kuchagua udongo mwekundu ulioshikana, lakini nje ya msimu wa mvua.

Kupanda machela kutoka kwenye kiti kunawezekana, kwa sababu vimo vyake vinakaribiana. Kiti kinasogezwa ubavuni, breki zinafungwa, na mtu wa pili anaishika machela upande wa pili isikimbie. Lakini tumekubaliana kitanda kimoja cha kamba kiwepo, kwa yeyote ambaye mgongo wake utakataa. Watoto wadogo hawalazwi machelani peke yao, kitambaa kinaweza kuwafunika uso; wao ni mkeka na neti pamoja na mama zao.

NDOVU, BAHARI NA MVUA HAVINA MWALIKO

Shimba Hills na Arabuko-Sokoke zote zina ndovu. Machela si ukuta. Ndovu hufuata njia zake za miaka na miaka kwenda majini, na usiku hakuoni vizuri wewe uliyejifunika shuka la kijani. Ndani ya hifadhi hulali popote unapotaka. Unalala kwenye kambi iliyoruhusiwa na KWS au Shirika la Misitu, KFS, na askari wa wanyamapori akijua uko pale. Maembe na ndizi zisikae karibu na wanaolala, maana ndovu ananusa mbali kuliko tunavyodhani.

Ukikagua ufuo au mkono wa bahari kama Mida, uliza habari ya maji. Tofauti ya maji kujaa na kutoka kwenye Pwani yetu huzidi mita 3 wakati wa bamvu. Ulipokanyaga pakavu alasiri, usiku paweza kuwa na maji ya kiunoni. Uzuri ni kwamba sisi tunayo kalenda ya bamvu mifukoni bila kujua: ni mwezi ukiandama, na mwezi ukitimia 14 na 15. Siku hizo na mbili tatu zinazofuata, maji hupanda zaidi. Maji mafu huja karibu na tarehe 7 na 22 za Kiislamu. Na kila siku maji kujaa husogea mbele kwa kama dakika 50. Mvuvi yeyote atakwambia haya bure, ukimsalimu vizuri.

Msimu nao. Masika, baina ya Machi na Mei, sisi hatuendi. Vijito vikavu hugeuka mito kwa saa moja, na mvua iliyonyesha mbali juu hukuletea maji chini penye nyota. Kamwe tusifunge machela juu ya mkondo mkavu, hata ukiwa na mchanga laini wa kuvutia. Kusi ikivuma kwa nguvu, katikati ya mwaka, turubai lifungwe chini na mgongo wake uelekezwe kwenye upepo. Na mtu asidhani kwa sababu ni Pwani hatahisi baridi. Kwenye machela upepo unapita chini ya mgongo, na alfajiri utatetemeka. Mkeka mwembamba au leso mbili nzito ndani ya machela zinatosha.

Mkeka huo una kazi ya pili. Mbu huuma kutoka chini, wakapenyeza mdomo kwenye kitambaa chembamba. Neti ya kawaida iliyotundikwa juu haitoshi, yafaa izunguke machela yote au pawe na kitu kizito cha kulalia. Malaria tunaijua, na homa ya dengue nayo si ngeni Mombasa.

Kuna na upupu. Asiyeujua aulize mtoto yeyote wa shambani. Ni mtambaazi wenye maganda yenye vinyweleo, na upepo mmoja unatosha kuwavua kanzu watu wazima. Pia tazama vichaka vya karibu na uliza kuhusu nyoka. Bafe hulala kwenye majani makavu, hasogei, na hukanyagwa na anayekwenda haja bila tochi. Kabla ya safari tunauliza ni hospitali gani iliyo karibu yenye dawa ya sumu ya nyoka, kwa sababu si kila zahanati inayo, na tunapima kama simu inashika mtandao pale pale penye miti, si barabarani.

CHOO, SWALA NA SITARA

Mtu anaweza kucheka, lakini safari nyingi za pamoja huharibika kwa sababu ya choo. Kina mama wetu hawatakunywa maji mchana kutwa wakijua hakuna pa kujisitiri, na huo ni ugonjwa wa bure. Dini yetu imeshatufundisha: usichafue njia ya watu, usichafue kivuli wanachokaa, usichafue maji. Ukiyafuata hayo matatu tu, umeshajua pa kuchimba choo cha muda. Sisi tunataka pahali palipo na choo cha kudumu ambacho mlango wake unapitisha kiti cha magurudumu. Tusipokipata, tunapeleka kiti kilichotobolewa katikati na pazia la gunia.

Sehemu ya wanawake na ya wanaume zitengane, kwa turubai au kwa safu ya miti, lakini zisiachane hadi sauti isifike. Maji ya udhu tunayahesabu pamoja na ya kunywa na ya kupikia: madumu mawili ya lita 20 huisha haraka kuliko mpishi anavyodhani. Na kibla ni rahisi kwetu, kwa sababu Makka iko karibu kaskazini barabara mwa Pwani yetu. Jua likichomoza liko mkono wako wa kulia.

Tunakagua mara mbili, mchana na magharibi. Jua huku kwetu huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na giza huingia haraka. Pahali palipokucheka saa nane huweza kuwa na mbu wengi, muziki wa baa ya jirani au mbwa wa doria ikifika saa moja.

KUBISHA HODI

La mwisho ndilo zito kuliko yote. Kundi la watu wenye mikoba, tena vijana wenye kanzu na ndevu, likiingia mwituni bila kuaga, huleta maswali. Sote tunajua yaliyopita. Msitu wa Boni umekuwa uwanja wa operesheni ya usalama tangu mwaka 2015. Shakahola mwaka 2023 ilifukuliwa maiti zaidi ya 400, na tangu hapo mwanakijiji akiona watu wasiowajua wakielekea kichakani ana haki ya kuogopa. Kulalamika kwamba tunashukiwa hakutatulaza salama. Kinachosaidia ni barua kwa chifu na kituo cha polisi, yenye majina, siku na simu ya kiongozi, stakabadhi za malipo ya KWS au KFS, na salamu kwa wazee wa kijiji ana kwa ana. Ukibisha hodi, kijiji chenyewe ndicho kitakachokulinda.

Na kuna mwitu usioombwa. Kaya za Wamijikenda ziliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya turathi za dunia mwaka 2008, lakini kabla ya UNESCO zilikuwa makaburi na mwahali mwa dua za wenyewe. Kwenye Kaya Kinondo wageni hukaribishwa mchana, wakiongozwa na kufungwa kaniki. Kutundika machela kwenye kaya ni kama mtu kuja kutandika godoro lake ndani ya msikiti wenu.

TULIPOFIKIA

Baada ya kuzunguka tumekubaliana na kanuni moja: lala pembeni, tembea ndani. Tumechagua shamba la mtu lenye mivinje, upande wa bahari wa barabara ya Malindi, si mbali na Mida. Gari linafika hadi hatua 30 kutoka miti. Ardhi imeshikana. Choo kipo, mlango wake umepimwa. Mwenye shamba amekubali, chifu amepewa barua, na tarehe tumeiweka kwenye maji mafu. Asubuhi tutaingia Arabuko-Sokoke kupitia upande wa Gede pamoja na mwongozaji, kila mmoja kwa kadiri ya magoti na magurudumu yake.

Ni kweli, hapana maporomoko wala kilima cha kupigia picha. Kuna kijana aliyeguna kwamba hiyo si nyika ya kweli. Nilimjibu kwamba ndege wa usiku wanasikika, nyota zinaonekana, na hakuna hata mmoja kati ya 18 atakayebaki nyumbani akitumiwa picha kwa simu. Anayetaka kilima atakipanda siku nyingine na wenye miguu yake.

Nanyi mnaopanga safari ya likizo, kabla ya kununua machela, chukueni tepu, kiti cha magurudumu na gunia la mchele, mkapite njia nzima kutoka garini hadi chooni. Gunia likifika bila kubebwa, alikeni watu. Likikwama, endeleeni kutafuta. Pwani hii haina uhaba wa miti.